Pedi moja imekwisha, nyingine bado nene: hasara iliyojificha nyuma ya tairi

TABORA

Mwenye gari la biashara mkoani Tabora anayenunua pedi za breki kila baada ya miezi miwili ana watu watatu wa kuwalaumu, na kwa kawaida huwalaumu wote. Dereva huambiwa anakanyaga breki ovyo. Mwenye duka la vipuri huambiwa ameuza mali feki. Fundi huambiwa hajui kazi. Kila mmoja ana jibu lake. Dereva husema barabara ni mbovu, mwenye duka husema seti kama hiyo imeuzwa kwa wengine na hawajarudi kulalamika, na fundi humaliza ubishi kwa maneno ambayo hayakosekani gereji: "Bosi, leta nyingine tufunge, gari liingie kazini."

Nyingine hununuliwa, gari huingia kazini, na baada ya miezi miwili kikao ni kilekile.

Kitu kisichofanyika katika kikao hicho ni kuzitazama pedi zilizofunguliwa. Hizo huishia kwenye pipa la vyuma chakavu kabla mwenye mali hajafika. Ilhali pedi nne za mbele zikipangwa mezani kwa utaratibu, kushoto ya ndani na ya nje, kulia ya ndani na ya nje, huonyesha mali iliyotumika na mali iliyopotea kama daftari la duka. Ikiwa tatu bado ni nene na moja imefika chuma, hakuna haja ya kumhoji dereva. Mguu wake ni mmoja na unabana magurudumu yote kwa wakati mmoja. Mlima nao hauli pedi moja ukaziacha tatu.

MZEGA ULIOELEMEA UPANDE

Tabora iliishi kwa mizigo ya safari ndefu kabla gari halijajulikana. Enzi za kuitwa Kazeh, katika nchi ya Unyanyembe, ilikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya pwani ya Bagamoyo na Ujiji katika Ziwa Tanganyika. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh Novemba mwaka huohuo. Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo kazi ya upagazi ikapoteza soko lake.

Wapagazi waliobeba koili za waya wa shaba walizitundika kwenye ncha mbili za mti mmoja, yaani mzega, zikiwa zimelingana uzito. Ncha moja ikizidi, bega ndilo lililolipa gharama. Breki ya diski inafanya kazi kwa kanuni isiyo mbali na hiyo: pedi mbili, moja kila upande wa diski, zinatakiwa kubana kwa nguvu sawa na kuachia kwa pamoja.

Leo mizigo ya njia hiyo iko juu ya magurudumu. Upande mmoja ni Nzega na Igunga, kisha mteremko wa mlima Sekenke kwa wanaotoka au kwenda Singida. Upande mwingine ni Itigi na Manyoni, jirani na pori ambalo misafara iliita Mgunda Mkali. Magharibi kuna Urambo na Kaliua, kusini Sikonge na njia ya Mpanda. Lami imefika sehemu kubwa ya barabara kuu hizo katika miaka ya karibuni, na ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo tumbaku, asali na maembe havikai kando ya lami. Gari linalofuata mzigo kijijini hupita kwenye vumbi laini la kichanga wakati wa kiangazi na kwenye tope kuanzia mvua za Novemba. Vumbi hilo, likichanganyika na maji kisha likakauka ndani ya breki, ndilo chanzo cha sehemu kubwa ya hasara inayozungumzwa hapa.

Liko jambo jingine ambalo wanunuzi wa magari yaliyotumika hulisahau. Gari lililotembea Japani katika maeneo ya theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, linaweza kuteremshwa bandarini likiwa na kutu kwenye pini za breki hata kabla halijaonja vumbi la Sikonge. Rangi yake inang'aa, saa yake inaonyesha kilometa chache, na pini zimeganda.

INAVYOTAKIWA KUFANYA KAZI

Magari mengi madogo ya abiria na mizigo, yakiwemo Noah na Probox, yana kalipa inayotembea mbele. Kalipa ni ile sehemu inayoibana diski kama koleo. Pistoni iko upande wa ndani tu. Dereva akikanyaga, mafuta ya breki huisukuma pistoni, nayo huibana pedi ya ndani kwenye diski. Kwa kuwa pedi hiyo haiwezi kwenda mbele zaidi, mwili mzima wa kalipa hurudi nyuma kwa kuteleza juu ya pini mbili, na kuivuta pedi ya nje ibane upande wake. Pini hizo mbili, kila moja nene kama kidole, ndizo zinazogawa kazi kati ya pedi mbili. Zimefunikwa raba ndogo za kuzuia vumbi na ndani yake kuna grisi maalumu.

Raba ikipasuka, vumbi na maji huingia, grisi hukauka, pini hugoma. Kuanzia siku hiyo pedi ya ndani hufanya kazi ya wawili. Mwenye gari hawezi kuiona kwa sababu imejificha nyuma ya diski. Akichungulia kupitia matundu ya rimu huona pedi ya nje, nene na yenye afya, akaridhika. Wapo waliosafiri hivyo hadi chuma kikaanza kukwangua chuma.

KUSOMA PEDI ZILIZOKWISHA

Pedi mpya nyingi za magari madogo huwa na unene wa nyenzo ya kusugua wa milimita 10 hadi 12, bila kuhesabu bamba la chuma. Zikifika milimita 3 zinatakiwa kutolewa. Rula ya mwanafunzi inatosha kupima. Tofauti ya milimita moja kati ya pedi ya ndani na ya nje si ya kutia wasiwasi. Ikizidi milimita 2 au 3, lipo tatizo ambalo pedi mpya haitalitibu.

Pedi ya ndani ikiwa imeliwa kuliko ya nje, washukiwa ni wawili: pini zilizogoma, au pistoni isiyorudi nyuma dereva anapoachia. Pedi ya nje ikiwa ndiyo iliyoliwa, mara nyingi kalipa huteleza wakati wa kubana lakini hairudi, kwa hiyo pedi ya nje huendelea kusugua njia nzima. Pedi iliyoliwa kama kabari, ncha moja nyembamba na nyingine nene, huwa imekwama kwenye kiti chake kwa kutu na uchafu, au pini zimelegea kiasi kwamba kalipa inakaa upande, au vile vibanio vyembamba vya chuma vinavyoishika pedi vilitupwa siku ya matengenezo yaliyopita. Kabari ndogo sana ni ya kawaida na haihitaji gharama.

Hali ngumu kidogo ni pale pedi zote mbili za gurudumu moja zimekwisha sawasawa, na za gurudumu la pili bado nene. Hapo fundi asiye makini hulifungua gurudumu lililokula pedi na kuanza kulirekebisha, kumbe huenda lile jingine ndilo bovu: halishiki, na mwenzake anabeba mzigo wote. Jibu hupatikana kwa mkono. Gari litembezwe kilometa chache bila kukanyaga breki kwa nguvu, lisimamishwe taratibu, kisha kiganja kisogezwe karibu na kila rimu bila kugusa diski. Gurudumu lenye joto kuliko mwenzake linasuguliwa muda wote. Halafu jaribio lirudiwe kwa kukanyaga breki mara kadhaa. Gurudumu linalobaki baridi ni lile lisilofanya kazi. Mwendo wa gari nao ni ushahidi. Likivuta upande mmoja bila breki kukanyagwa, huenda upande huo umebana. Likivuta pale tu linapokanyagwa, linaelekea upande unaoshika zaidi.

Land Cruiser na Prado kadhaa zina kalipa isiyotembea, yenye pistoni pande zote mbili za diski. Kwa hizo hakuna pini za kutelezea za kulaumiwa, na pedi zikipishana unene fundi aanze na pistoni iliyokwama.

JARIBIO LA KUTENGANISHA MAKOSA

Gari linyanyuliwe, liwekwe juu ya stendi na magurudumu mengine yatiwe kabari. Jeki peke yake si ya kuaminiwa. Msaidizi akanyage breki na kuachia. Gurudumu likiwa gumu kuzungusha baada ya kuachia, ilegezwe kidogo ile nati ndogo ya kutolea upepo kwenye kalipa. Kama mafuta yanaruka na gurudumu linalegea palepale, kumbe shinikizo lilikuwa limenaswa ndani. Kama bado ni gumu, pistoni au pini zimekwama zenyewe.

Shinikizo likiwa limenaswa, mtuhumiwa ambaye hasemwi sana ni bomba la mpira linalopeleka mafuta kwenye gurudumu. Kwa nje linaonekana zima, lakini ndani limevimba au limepasuka na kuacha ulimi unaopitisha mafuta kwenda na kuyazuia kurudi. Kuthibitisha, breki ikanyagwe tena hadi gurudumu libane, kisha kilegezwe kiungo cha bomba la chuma pale mpira unapoanzia. Gurudumu likiachia, kosa liko juu zaidi, kwenye pampu kuu au urekebishaji wa pedali; lisipoachia, mpira ndio mbovu. Baada ya zoezi hili lazima upepo utolewe kwenye mfumo.

KAZI YENYEWE

Kinachohitajika si mashine kubwa. Kalipa hufunguliwa na kutundikwa kwa waya, isining'inie kwenye bomba la mpira hata kwa dakika tano, kwani hapo ndipo mipira mingi huanza kufa. Pini zichomolewe moja moja. Magari mengine yana pini mbili zisizofanana, moja ikiwa na bushi ndogo ya raba mwishoni, na fundi akizibadilishana mahali ametengeneza tatizo jipya kwa mikono yake. Pini isafishwe hadi ing'ae. Ikiwa imechimbika kwa kutu, inunuliwe mpya. Kuisugua kwa msasa hadi iwe nyembamba ni kuifanya ichezecheze. Tundu lake nalo lisafishwe hadi chini, na raba za vumbi zibadilishwe bila majadiliano.

Grisi ndiyo inayowaponza wengi. Grisi ya beringi, ile ya kopo kubwa, huwekwa kwa sababu ndiyo iliyopo. Mafuta yake huvimbisha raba, na pini iliyokuwa ikiteleza wiki ya kwanza hugoma tena baada ya muda. Inayotakiwa ni ya silikoni iliyotengenezwa kwa ajili ya breki, tena kidogo tu. Oili ya injini haihusiki kabisa.

Pistoni hurudishwa ndani taratibu, huku chupa ya mafuta ya breki ikiangaliwa isifurike, kwani mafuta hayo yanaharibu rangi ya gari. Ikigoma kurudi au ikiwa na kutu chini ya raba yake, kalipa inahitaji sili mpya au kubadilishwa. Kiti cha pedi kisafishwe kwa brashi ya waya au tupa hadi pedi iingie kwa kusukumwa na vidole. Pedi inayogongwa kwa nyundo ili iingie itaisha kama kabari, hilo halina shaka. Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa, kwa maana ni hatari kwa mapafu; lioshwe kwa maji.

Diski ipimwe. Unene wa chini unaoruhusiwa huwa umechapishwa kwenye diski yenyewe, na baada ya kuchongwa kwenye mashine isiwe chini ya hapo. Pedi zibadilishwe magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja. Kabla gari halijaondoka pedali ikanyagwe mara kadhaa hadi iwe ngumu, kwa sababu mkanyago wa kwanza baada ya kurudisha pistoni huenda hadi chini bila kushika kitu. Kisha breki zizoeshwe: mara kadhaa kutoka mwendo wa kilometa 50 kwa saa hadi 10, kwa upole, na kuziachia zipoe katikati.

Ziko njia za mkato zinazouzwa kama ufundi. Moja ni kuhamisha pedi ya ndani iende nje ili "zilingane". Inafuta ushahidi na kuacha ugonjwa. Nyingine ni kuziba bomba la gurudumu linalosumbua ili gari "libaki na tatu". Hii si ufundi hata kidogo. Gari la namna hiyo likiteremka Sekenke na abiria, au na magunia hadi juu, ule upande usio na breki hujulikana pale ambapo hakuna nafasi ya kujulia.

HESABU YAKE

Chukulia tarakimu za mfano, si bei za soko. Kila mmoja aweke zake. Seti ya pedi za mbele ni shilingi 40,000 na ujira 10,000. Pedi mpya ina milimita 10 na hutolewa ikifika 3, kwa hiyo mali inayotumika ni milimita 7 kwa kila pedi, au 28 kwa seti. Gurudumu bovu limekula 7 ndani na 2 nje. Zima limekula 4 na 4. Jumla iliyotumika ni 17. Milimita 11, karibu asilimia 40 ya mali iliyolipiwa, imetupwa kwenye pipa.

Ikiwa hayo yametokea katika kilometa 10,000, gharama ni shilingi 5 kwa kilometa. Kazi ileile ikigawanywa sawa kwa pedi nne, seti ingefika kama kilometa 16,000, na gharama kushuka hadi shilingi 3 na kitu. Kwa gari linalotembea kilometa 200 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, akiba ni kama shilingi 9,750. Ni fedha ndogo, na hapo ndipo wamiliki wengi hupuuza.

Hasara kubwa iko kwingine. Pedi ikifika chuma, diski huharibika. Diski mbili kwa mfano ni shilingi 160,000. Gari linalala siku moja au mbili wakati vipuri vinasubiriwa, na hesabu ya siku, tuseme 40,000, haipo. Likilala katikati ya msimu wa tumbaku au wa maembe, mteja anatafuta gari jingine na huenda asirudi. Kwa dereva aliye kwenye mkataba wa kulipa hadi gari liwe lake, siku hizo zinahesabiwa upande wake, na ndiyo maana ugomvi wa pedi huweza kuvunja mkataba. Gharama ya kuzuia yote hayo ni raba nne, grisi kidogo na saa chache za fundi.

UPANDE WA DUKA

Wauza vipuri nao wana sababu ya kuzitaka pedi za zamani. Mteja anayerudi na madai ya kuuziwa feki aombwe alete pedi zote nne. Zikiwa zimekwisha zote kwa usawa na kwa haraka isiyo ya kawaida, dai lake lina uzito, na duka liwageukie waliolipatia mali. Vivyo hivyo nyenzo ikiwa imebanduka kwenye bamba lake la chuma, au kingo zinamomonyoka kama udongo. Kwa mali bandia mlalamikaji anaweza kufika Tume ya Ushindani, na kwa ubora usiokidhi kiwango, Shirika la Viwango Tanzania. Lakini ikiwa moja imekwisha na tatu ni nene, mwenye duka arudishe pedi kwa upole na kumwelekeza mteja kwenye pini. Zote nne zilitoka kwenye boksi moja.

Kwa mwenye mtaji mdogo ipo nafasi ya biashara hapa. Pedi zinahitaji fedha nyingi kulazwa rafuni, kwani kila aina ya gari ina zake. Raba za vumbi, pini, vibanio na vipakiti vya grisi ya silikoni vinachukua nafasi ndogo, na fundi akijua vinapatikana mjini hana tena kisingizio cha kopo la grisi ya beringi. Muuzaji aandike namba ya fremu ya gari kabla ya kuagiza, maana raba ya Noah ya mwaka mmoja huweza isiingie kwenye ya mwaka mwingine.

Anayenunua gari lililotumika wakati huu, kabla ya mvua, aombe magurudumu mawili ya mbele yafunguliwe mbele yake na pini zichomolewe. Muuzaji akikataa, bei ipunguzwe kwa thamani ya kalipa mbili, au gari liachwe.